Nani aanze, mfanyakazi au mashine?

Katika zahanati za Penda Health jijini Nairobi, ofisa tabibu humsikiliza mgonjwa, huandika dalili kwenye kompyuta, huandika ugonjwa anaodhani ndio wenyewe, kisha dawa. Wakati anaandika, akili mnemba inasoma kimyakimya. Ikiridhika, inaonyesha rangi ya kijani na kazi inaendelea. Ikiwa na wasiwasi inatoa njano, na tabibu ana hiari ya kufungua aone kuna nini. Ikiona hatari inatoa nyekundu, na hapo hana budi kusoma maelezo kabla ya kusonga mbele. Lakini hata akishayasoma, uamuzi unabaki kuwa wake. Anaweza kubadilisha dawa, anaweza pia kuiacha kama alivyoiandika.

Mfumo huo ulifanyiwa utafiti mwaka 2025 katika zahanati 15, katika mahudhurio 39,849 ya wagonjwa. Matabibu waliokuwa nao walikosea utambuzi wa ugonjwa kwa kiwango pungufu kwa asilimia 16, na matibabu pungufu kwa asilimia 13, wakilinganishwa na wenzao waliofanya kazi bila huo mfumo. Takwimu zimetolewa na Penda pamoja na OpenAI, kampuni iliyotengeneza akili mnemba yenyewe, kwa hiyo zisomwe kwa uangalifu. Na wao wenyewe walieleza kuwa katika kupona kwa wagonjwa hawakupata tofauti kubwa kiasi cha kuitolea kauli.

Kuna takwimu moja humo ndani iliyonivuta kuliko hizo zote. Watafiti walipima ni mara ngapi tabibu huanza na nyekundu, yaani mawazo yake ya kwanza, kabla hajaonywa na yeyote, yana kasoro. Mwanzoni mwa utafiti ilikuwa asilimia 45. Mwishoni ilishuka hadi 35. Mashine ilikuwa bado haijatamka neno kwa mgonjwa aliyekaa pale, na tabibu tayari alikuwa bora kuliko miezi michache iliyopita. Alikuwa amejifunza.

Mwaka huohuo, jarida la tiba la The Lancet Gastroenterology & Hepatology lilichapisha habari ya upande mwingine kabisa, kutoka Poland. Katika vituo vinne, madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera walipewa akili mnemba inayochora kisanduku kwenye skrini kila inapoona kinyama ambacho baadaye kinaweza kugeuka saratani. Hawakuwa wanagenzi. Walikuwa 19, na kila mmoja alikwishafanya vipimo zaidi ya 2,000 katika maisha yake ya kazi. Watafiti wakachukua vipimo ambavyo madaktari hao walivifanya bila msaada wa mashine, miezi mitatu kabla ya kuipata na miezi mitatu baada ya kuanza kuitumia. Kabla, walikuwa wakigundua vinyama hivyo kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa. Baada, asilimia 22.4. Utafiti wa namna hii peke yake hauthibitishi chanzo, na watafiti wenyewe hawakudai kuwa unakithibitisha. Lakini ni vigumu kuusoma bila kujiuliza kama macho yaliyozoea kutafuta hayakuwa yameanza kusubiri kuonyeshwa.

Pande zote mbili ni watu wa tiba, wenye elimu na uzoefu, wamepewa chombo cha kuwasaidia. Upande mmoja ukanolewa, mwingine ukaonekana kubutuka. Tofauti ninayoiona mimi haiko katika werevu wa mashine. Nairobi, mtu anaanza na mashine inafuata: tabibu lazima afikiri kwanza, aandike, ajifunge kwa maandishi, ndipo asikie maoni ya pili. Katika chumba cha kamera, mashine inaonyesha wakati daktari bado anatafuta, na mara nyingine kabla hajaona. Ninaamini mpangilio huo wa nani anaanza na nani anafuata ndio unaoamua kama mfanyakazi atabaki na ari ya kujiongeza au ataipoteza. Nao haupangwi na teknolojia. Unapangwa na mkurugenzi, na meneja, na yule aliyeketi na muuzaji wa mfumo wakakubaliana utakavyofanya kazi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana hali ya mfanyakazi aliyeacha kujiongeza inavyoonekana. Tumekutana nayo dirishani miaka mingi kabla ya akili mnemba kufika. Umekwenda na tatizo lako, na kila mtu pale anaona kuwa una haki: jina limekosewa herufi moja, tarehe imepinduliwa. Unasema, "Dada, naomba unisaidie." Anakuangalia kwa huruma ya kweli kabisa na kukujibu, "Kaka, mfumo umekataa." Yule dada si mvivu wala si mtu mbaya. Amefundishwa kwamba kazi yake inaishia mfumo unapoishia. Hakuna siku aliyosifiwa kwa kuuvuka, na pengine ipo siku aliyoonywa kwa kujaribu. Mfumo ule wa zamani ulikuwa mbumbumbu, haukujua hata kuandika sentensi. Huu mpya unaandika barua, unapendekeza mpango wa mauzo, unapanga ratiba ya zamu na kumpa mteja jibu lenye adabu. Kama ule ulituzoesha kukaa tu, huu unaweza kutuzoesha zaidi, tena kwa raha.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Scientific Reports unaigusa raha hiyo. Watu zaidi ya 3,500 walipewa kazi za kawaida za ofisini: kuandika barua pepe, kuandika tathmini ya mfanyakazi, kutoa mawazo ya bidhaa. Wengine walisaidiwa na akili mnemba, wengine hawakusaidiwa. Waliosaidiwa walitoa kazi nzuri zaidi, na hilo halishangazi. Kisha wakapewa kazi nyingine wafanye wenyewe. Ubora ule haukuwafuata huko. Tena, kwa wale waliotoka kusaidiwa, hamu ya kazi kwa ajili ya kazi yenyewe ilishuka kwa wastani wa asilimia 11, na kuchoshwa na kazi kukapanda kwa asilimia 20. Nadhani kila aliyewahi kuandika ripoti kwa msaada wa mashine analielewa hilo hata bila namba. Utamu wa kazi ya akili uko kwenye ule mwanzo mgumu, pale unapouangalia ukurasa mweupe na kujiuliza hasa ninataka kusema nini. Ukiondolewa mwanzo huo unabaki na kusahihisha koma.

Wazo la kumwondolea mfanyakazi mwanzo si la leo. Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Winslow Taylor alitoa kitabu chake juu ya kanuni za usimamizi wa kisayansi. Taylor aliona kwamba viwanda vya wakati wake viliishi kwa ari ya wafanyakazi: fundi ndiye aliyejua namna ya kufanya kazi, na meneja alibaki kumbembeleza kwa malipo au kwa maneno ili ajitume. Yeye aliiona hali hiyo kuwa ndio udhaifu wenyewe. Akataka maarifa yaliyomo vichwani mwa mafundi yakusanywe, yapimwe kwa saa, yaandikwe, kisha yarudishwe kwa mfanyakazi kama maagizo ya siku: beba hivi, pumzika sasa, inuka. Katika mfano wake maarufu wa wabebaji chuma wa kampuni ya Bethlehem Steel, alidai kuwa mzigo wa mtu mmoja kwa siku ulipanda kutoka tani 12 na nusu hadi 47 na nusu. Wanahistoria wamezitilia shaka hesabu zake, lakini dunia ilimsikiliza, na viwanda vya karne nzima iliyofuata vilijengwa kwa fikra hiyo.

Taylor alihitaji watu wenye saa na madaftari. Sasa kazi hiyo inafanywa na kompyuta yenyewe. Wachumi Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walichunguza wahudumu zaidi ya 5,000 wa huduma kwa wateja wa kampuni moja ya programu za kompyuta, wengi wao wakiwa Ufilipino. Wahudumu hao waliwekewa akili mnemba inayowapendekezea jibu mteja anapoandika shida yake. Mashine ilikuwa imejifunza kutokana na mazungumzo ya nyuma, hasa kwa kutofautisha wanachofanya wahudumu hodari na wanachofanya wengine. Kwa wastani, matatizo yaliyotatuliwa kwa saa yaliongezeka kwa takriban asilimia 14. Wapya na wasio wazoefu walipanda kwa zaidi ya 30. Wale hodari hawakupata karibu chochote.

Sitaki kuudharau utafiti huu kwa kuwa unanisumbua. Una habari njema ya kweli: mtu mpya alifika haraka mahali ambapo wenzake walifika kwa miezi mingi, na hata mfumo ulipokatika, waliokuwa wameutumia waliendelea kufanya vizuri kuliko mwanzo. Walijifunza kitu. Kwa dada au kaka anayeanza kazi ya kupokea simu Nairobi au Dar es Salaam, hilo ni jambo la maana. Kinachonisumbua ni yule hodari. Majibu yake ndiyo yaliyolisha mashine. Alipokutana na shida ambayo hakuna aliyeijua, alihangaika nayo, akatafuta njia, akaipata. Sasa njia hiyo inagawiwa kwa kila mtu asubuhi anapoketi, na yeye hakutajwa wala hakuongezwa shilingi. Kesho ikija shida nyingine ambayo haijawahi kuonekana, ataihangaikia kwa faida gani? Na wale wapya, ambao wamezoea kupewa jibu lililokwishafanya kazi jana, watajuaje namna ya kutafuta jibu ambalo halijakuwepo?

Swali hili si la falsafa. Biashara kubwa za eneo letu zimetoka mahali ambapo watu waliona kitu kisichoendana na mpango. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya M-Pesa nchini Kenya kwa kusudi dogo tu: wateja wa mikopo midogo, kwa kushirikiana na taasisi ya Faulu, waweze kulipa marejesho kwa simu. Watu wakaanza kuutumia mfumo kwa mambo ambayo hayakupangwa. Walitumiana pesa. Wafanyabiashara walilipana. Wengine waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa walipofika, ili wasitembee nazo njiani. Waliokuwa wakiendesha majaribio wangeweza kuyaita hayo matumizi mabaya ya mfumo na kuyafunga. Waliyatazama, wakayachukua kwa uzito, na Machi 2007 huduma ilipozinduliwa ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mlipaji mikopo alikuwa ameondoka katikati ya picha.

Sasa fikiri mashine iliyofundishwa kwa rekodi za marejesho ya mikopo ikiulizwa kuhusu mteja anayejitumia pesa mwenyewe kutoka mji mmoja hadi mwingine. Yale iliyofundishwa yangeiambia kuwa hiyo ni dosari. Ili mtu aseme "hapana, hapa kuna kitu", anahitaji mambo mawili: awe karibu na kazi kiasi cha kukiona, na awe na uthubutu wa kukisema.

Kuhusu uthubutu, watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwauliza wafanyakazi 319 wa kazi za ofisini jinsi wanavyotumia akili mnemba. Walioiamini sana mashine walieleza kuwa hupunguza kufikiri kwa kina. Waliojiamini wenyewe katika kazi husika walieleza kuwa hufikiri zaidi, hata wakiwa na mashine mkononi. Ni maelezo ya watu juu yao wenyewe, kwa hiyo yana mipaka yake. Ila yananipeleka kwenye jambo ambalo naona waajiri hawalisemi wazi: kujiamini kazini hakutokani na semina. Kunatokana na kuamua, kukosea, kurekebisha, na kubaki na kazi yako baada ya kukosea.

Hapo ndipo penye kiini cha matatizo, na ningependa mameneja wakae hapa kidogo. Mfanyakazi akifuata pendekezo la mashine na mambo yakaharibika, ana pa kusimama: mfumo ndio uliosema. Akiliacha pendekezo, akafuata akili yake, na mambo yakaharibika, yuko peke yake. Ataulizwa kwa nini hakufuata, na rekodi ipo, saa na dakika, inaonyesha kuwa alishauriwa akakataa. Akiliacha na mambo yakaenda vizuri, mara nyingi hakuna anayejua. Kwa mtu mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto, hesabu hii haina ugumu. Atafuata mashine hata pale moyo wake unapomwambia si sawa. Hatukosi wafanyakazi wenye akili katika ofisi zetu. Tunawawekea mizani ambayo upande mmoja umefungwa jiwe, kisha tunalalamika kwenye vikao kwamba vijana hawajitumi.

Toyota walilielewa hili zamani, tena katika kazi ambayo kila mtu huidhania ni ya kurudiarudia. Mfanyakazi wa mstari wa kuunganisha magari alipewa kamba ya kuvuta kila alipoona tatizo. Alipoivuta, kiongozi wake alikuja mara moja, na waliposhindwa kulitatua kwa wakati mstari ulisimama. Tangu 1951 kampuni hiyo ina utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi na kuyalipia. Kamba yenyewe ni rahisi, kiwanda chochote kinaweza kuinunua. Kigumu ni yule kiongozi anayefika mbio na kuuliza tatizo ni nini, badala ya kuuliza nani kavuta. Bila yeye, kamba hubaki kuning'inia hadi inaota vumbi.

Hata huko Penda, namba nzuri hazikuja kwa kuwasha mfumo tu. Katika kipindi cha mwanzo, matabibu wengi waliziona nyekundu na kuziacha zilivyo. Mambo yalibadilika pale wenzao, matabibu kama wao, walipopewa jukumu la kupita kwenye zahanati, kuketi na kila mmoja, kueleza mfumo unafanya nini na kusikia kwa nini anaupuuza. Mazungumzo hayo yana gharama, na wauzaji wa mifumo hawayaweki kwenye bei. Kampuni nyingi hulipia leseni, hutuma barua pepe moja kwa wafanyakazi wote, na mwezi unaofuata huanza kuuliza kwa nini watu wanatumia akili mnemba kidogo, au kwa nini wanaitumia hadi kila pendekezo linalofika mezani linafanana na la jirani.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni vijana. Madaktari wa Poland walikuwa na vipimo 2,000 nyuma yao. Kama uwezo wao umelegea, kuna mahali pa kurudi. Kijana aliyemaliza chuo mwaka huu hana. Kazi ambazo zamani zilimfundisha, kama kuandika muhtasari wa kikao, kulinganisha ankara, kuandaa rasimu ya kwanza ya barua ambayo mzee wa ofisi ataichana na kumrudishia, ndizo mashine inazozifanya vizuri kuliko zote. Nchini Marekani, Brynjolfsson na wenzake walieleza Agosti 2025 kwamba katika kazi zilizo karibu zaidi na akili mnemba, ajira za wenye umri wa miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 13 zikilinganishwa na za wengine, huku wazoefu wakibaki walipo. Huko ni Marekani, na soko letu la ajira ni tofauti sana. Lakini mwajiri wa Kinondoni jijini Dar es Salaam au Westlands jijini Nairobi anaifanya hesabu ileile: rasimu ya kwanza sasa haimgharimu karibu chochote, kwa nini amlipe kijana kuiandika vibaya kwa mwaka mzima? Jibu ni kwamba alikuwa hailipii rasimu. Alikuwa anamlipia mtu ambaye baada ya miaka mitano angekuja ofisini na kusema, "Shikamoo mzee, kuna kitu nimekiona kwenye hesabu za tawi, naomba tukiangalie."

Nchini Tanzania, vyama vya wafanyakazi huketi na waajiri kujadili mikataba ya hali bora, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazipa pande hizo nafasi ya kukubaliana hata juu ya namna ya kuwashirikisha wafanyakazi katika uendeshaji. Mazungumzo hayo huenda moja kwa moja kwenye mshahara, posho na likizo, na ni haki yawe hivyo. Ningependa waongeze ukurasa mmoja. Useme kwamba mfanyakazi aliyeacha pendekezo la mashine na kuandika sababu zake hataadhibiwa kwa kuliacha tu. Useme kwamba anayejifunza kazi ataandika ya kwake kwanza, ndipo aione ya mashine. Useme kwamba jibu jipya lililobuniwa na mtu na kuingizwa kwenye mfumo litabaki na jina lake na litahesabika siku ya kumpandisha cheo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mtaalamu kutoka nje. Vinahitaji tu vikubaliwe kabla mfumo haujawashwa, kwa kuwa ukishawashwa na takwimu za mwezi wa kwanza zikapanda, hakuna meneja atakayetaka kuugusa.